Kufufua mradi wa zamani wa maji ya mserereko: pima kwanza, bomba jipya baadaye

Maji yakikatika kijijini, mkutano unaitishwa, na neno la kwanza kusikika ni kwamba bomba limechakaa, zitafutwe fedha za bomba jipya. Huku kwetu mkoani Kigoma nimelisikia Buhigwe, nimelisikia Kasulu, nimelisikia Kibondo. Wanaolisema wana haki ya kuwa na uchungu, kwa sababu ni mama zao na wake zao wanaoshuka bondeni na ndoo kabla hakujapambazuka. Lakini katika miaka yangu yote ya ufundi bomba nimekuta miradi michache sana iliyokufa kwa sababu bomba lote lilichakaa. Mingi imeuawa na tundu moja, valvu moja iliyoganda, hewa iliyonasa kileleni, au mchanga uliojaa mahali pamoja. Kijiji kikinunua bomba jipya bila kujua ni lipi kati ya hayo, kinazika fedha ardhini.

Maelezo haya nawaandikia mafundi wenzangu wa vyombo vya watumia maji, yaani jumuiya za wanakijiji zinazosimamia miradi ya maji, pamoja na wenyeviti na makatibu wanaotutuma kazini. Nitatumia mradi wa kwetu wa mserereko, yaani maji yanashuka yenyewe kwa mteremko, milimani upande wa Buhigwe, kwa kuwa ndio niliotembea kila hatua yake. Una banio, yaani kizuizi cha kuchepushia maji, kwenye kijito, handaki la mita 64 linalopenya mgongo wa kilima, chemba ya kugawa maji, kisha njia mbili: bomba la kilomita 3.8 linalokwenda kwenye tanki la kijiji, na bomba fupi la msukumo linaloshuka kwenye mtambo mdogo wa kufua umeme wa zahanati na nyumba za walimu.

Miradi ya umri huo inafanana kihistoria. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mikoa ya Kigoma na Rukwa ikaandaliwa mpango mkuu wa maji kwa msaada wa Norway. Milima yetu ilikuwa neema, maana maji yanashuka yenyewe bila dizeli. Kilichokosekana baadaye ni daftari la matunzo na posho ya mlinzi wa bomba. Marehemu baba alikuwa mlinzi wa bomba, na ndiye aliyenionyesha mdomo wa handaki nikiwa sijaanza shule.

Mwaka 1996, nikiwa na miaka 21, nilikwenda kutafuta kibarua Kihansi, kulikokuwa kunajengwa kituo cha umeme cha megawati 180 ambacho mitambo yake imewekwa ndani ya mlima. Nilibeba zege, nikafundishwa kupuliza saruji kwenye mwamba na kusindilia saruji kwenye nyufa. Kilichonikaa zaidi ni kwamba hakuna fundi aliyeugusa ukuta kabla mpimaji hajapita.

Tembea na mzee aliyechimba mtaro

Kabla ya kipimo chochote, tembea njia nzima kutoka banio hadi kituo cha mwisho cha kuchotea, ukiwa na mzee mmoja aliyeshiriki kuchimba. Usimwambie akuonyeshe bomba lilipo. Mwambie akuonyeshe mahali walipopata taabu: kwenye mwamba, kwenye tope, kwenye kuvuka korongo. Hapo ndipo bomba lilipolazwa juu juu, na hapo ndipo viungo vilipo vingi. Mzee wetu alisimama kando ya mgomba mmoja akaniambia, "Hapa mwanangu tulikaa siku nne, jiwe lilikataa." Nilipochimba nilikuta viungo vitatu ndani ya mita tano.

Safari hiyo ifanye Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Wakati huo ardhi yenyewe inasema. Nyasi za kijani katikati ya nyasi kavu, magimbi yaliyoota yenyewe, kinyesi cha ng'ombe kilichorundikana mahali pasipo na mto, vyote viandike. Ukikuta bustani ya nyanya imestawi mbali na kijito, huenda kuna aliyetoboa bomba. Nenda kwake kwa salamu na utulivu, wala usianze na mgambo. Mara nyingi atakuonyesha tundu mwenyewe, na mara nyingi utakuta ana kituo cha kuchotea karibu naye kisichotoa maji tangu zamani.

Septemba ina faida nyingine: chanzo kiko chini kuliko wakati wote wa mwaka. Ukipima Machi utafurahi, kisha utasanifu mradi wa maji ambayo kiangazi hayapo.

Vipimo vitatu visivyo na gharama kubwa

Cha kwanza ni ubao wa V. Chukua bati nene au ubao wa mninga, ukate pembe ya V yenye nyuzi 90 kamili, kingo zikiwa kali. Usimamishe ukikatiza mfereji, uzibe pembeni na chini kwa udongo wa mfinyanzi hadi maji yote yapite kwenye V na kuanguka huru upande wa pili. Pima kimo cha maji kuanzia ncha ya chini ya V. Rula isimame kiasi cha mita moja nyuma ya ubao, kwa sababu pale penye V maji yameshaanza kuinama na yatakudanganya. Kimo cha sentimita 5 ni karibu lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4. Sentimita 15 ni lita 12, sentimita 20 ni karibu lita 25, na sentimita 25 ni lita 43. Angalia namba zinavyoruka: kosa la sentimita moja huku juu ni kosa la lita kadhaa kila sekunde, kwa hiyo soma mara tatu.

Sisi tuliweka mbao mbili, moja mahali maji yanapoingia kwenye handaki na nyingine yanapotokea. Kuingia tulisoma sentimita 21 na nusu, karibu lita 30 kwa sekunde. Kutoka tulisoma 19, yaani karibu lita 22. Ndani ya mita 64 zilikuwa zinapotea lita nane kila sekunde, karibu lita 690,000 kwa siku. Nilirudia kipimo siku ya pili kwa sababu sikuamini. Kikawa kilekile.

Cha pili ni ndoo na saa. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde kumi, una lita mbili kwa sekunde. Kipimo hiki kinatosha kwa bomba dogo linaloingia tankini.

Cha tatu ndicho kinachopuuzwa, nacho ni kipimo cha usiku. Kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala, koki zimefungwa, na maji yanayoendelea kutembea kwenye mabomba ya mitaani ni ya uvujaji. Funga mlango wa kuingiza maji tankini, acha wa kutoa, halafu pima kimo cha maji tankini kwa fimbo kila baada ya nusu saa. Tanki la mita 5 kwa mita 4 likishuka sentimita 3 kwa nusu saa, umepoteza lita 600, sawa na lita 1,200 kwa saa. Hakuna aliyekunywa hayo.

Nondo sikioni

Kwenye bomba kuu letu zilikuwa zinaingia lita 3.1 kwa sekunde chembani na kufika tankini lita 1.9. Kamati ilikuwa imeshaandika maombi ya kilomita zote 3.8. Nikaomba usiku mmoja.

Tulitoka watu watatu saa saba na nusu, na tochi mbili na nondo ya mita moja na nusu. Nondo unaiweka ncha moja juu ya bomba au valvu, ncha nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, na sikio la pili unaliziba kwa kidole. Maji yanayotembea kwa amani yananguruma taratibu kama mtu anayepumua usingizini. Maji yanayotoka kwenye tundu yana mluzi mwembamba, kama mafuta ya mawese yanapoanza kuchemka sufuriani. Usiku ni muhimu, kwa sababu mchana pikipiki na upepo vinakufunika.

Bomba la chuma linasafirisha sauti mbali. La plastiki linaimeza, hivyo huko inabidi usikilize kwa hatua fupi fupi, na upate mahali pa kugusa bomba lenyewe. Tulianzia katikati ya njia. Hapo palikuwa kimya. Tukashuka hadi nusu ya sehemu iliyobaki, mluzi ukasikika kwa mbali. Tukashuka tena. Kwenye valvu ya mwisho ya chuma, kabla bomba halijaingia korongoni, kijana niliyekuwa naye aliweka nondo sikioni akaiondoa haraka kana kwamba imemchoma. Sauti ilikuwa kali kiasi hicho. Juu ya ardhi hapakuwa na dalili yoyote: maji yote yalikuwa yanaingia moja kwa moja kwenye mchanga wa korongo na kwenda zake mtoni.

Asubuhi tulichimba. Chini ya mita moja ya mchanga tulikuta kiraka cha chuma kilichofungwa kwa boliti juu ya vipande vya tyubu ya tairi, na pembeni yake maji yanaruka kama yametoka kwenye bomba la sindano. Tundu lenyewe halikufika unene wa kidole changu kidogo. Lita 1.2 kwa sekunde ni zaidi ya lita 100,000 kwa siku.

Kwa nini bomba lile lilipasuka

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo limeharibu miradi mingi, na ninaomba kila katibu alisome mara mbili. Kila mita kumi za mwinuko zinaleta presha ya bar moja. Bomba la plastiki limeandikwa ubavuni PN6, PN10 au PN16, na namba hiyo ndiyo bar linazovumilia: mita 60, mita 100, mita 160. Korongo letu liko mita 95 chini ya chemba. Mwaka 2011 mkandarasi mmoja alibadilisha kipande hicho akaweka PN6.

Lilidumu kwa muda, na hilo ndilo lililowapumbaza watu. Maji yanapotembea, sehemu ya presha inaliwa na msuguano njiani. Siku mlango wa tankini ulipofungwa kwa ajili ya usafi, maji yakasimama, na bomba likabeba mita zote 95. Likafumuka. Kwa hiyo bomba linachaguliwa kwa presha ya maji yaliyosimama, kipimo cha tofauti ya mwinuko kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, na unaongeza akiba. Kwa mita 95, PN10 ingekuwa inachungulia kaburi. Tuliweka PN16, mita 180 tu, kuvuka korongo ukingo hadi ukingo. Hizo mita 180 ndizo zilizonunuliwa katika kilomita 3.8 zilizokuwa zimeombwa.

Usitegemee mwinuko unaoonyeshwa na simu. Unaweza kukosea mita nyingi, na mita kumi ni bar nzima. Funga geji ya presha kwenye bomba, maji yakiwa yamesimama, usome. Kwanza hakikisha huko chini hakuna kipande dhaifu, usije ukakipasua kwa kupima.

Ambapo mteremko unazidi uwezo wa bomba, jenga tanki dogo la kupunguza presha njiani, maji yamwagike humo yaanze upya kutoka sifuri. Matangi hayo yalijengwa zamani, na mengi nimekuta yameng'olewa boya lake au yameunganishwa bomba likapita kando, kwa sababu mtu alitaka maji yafike kwa nguvu. Yalifika kwa nguvu kweli, kwa wiki chache, hadi viungo vya chini vilipoanza kuachia.

Ukikuta bomba la kijivu la asbesto, usilikate kwa msumeno likiwa kavu. Vumbi lake linakaa kwenye mapafu na linaua baada ya miaka. Likiwezekana liache ardhini, upitishe jipya pembeni. Likilazimu kukatwa, lilowanishwe muda wote, likatwe kwa msumeno wa mkono, na aliyekata avae barakoa ya vumbi jembamba, siyo kitambaa.

Handaki

Sasa nije kwenye zile lita nane, maana ndizo zilizonipa wasiwasi zaidi. Bomba likivuja, unapoteza maji. Handaki likivuja, unapoteza maji na polepole unapoteza kilima, kwa sababu maji yanayopenya sakafuni yanabeba udongo na kuacha tupu nyuma ya ukuta.

Usilikaushe ghafla. Kilima kimelowa, na maji ya nje yanausukuma ukuta kwa ndani. Maji ya ndani ndiyo yaliyokuwa yakisaidia kuuzuia. Ukiyaondoa kwa dakika tano, ukuta wa mawe wa miaka hamsini unaweza kuinama. Sisi tulishusha kwa mbao za banio, ubao mmoja baada ya mwingine, kuanzia asubuhi hadi alasiri, maji ya kijito yakipitishwa pembeni. Matundu ya kupumulia yaliyo ukutani tuliyazibua kwanza, mengi yalikuwa yamejaa mizizi.

Kuingia. Fungua midomo yote miwili siku nzima hewa ipite. Azima kipima hewa: oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, hakuna anayeingia. Usiingize pampu ya petroli wala jenereta ndani hata kwa nusu saa. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuonya, na watu wengi wamekufa hivyo visimani, wakifuatwa na waliokwenda kuwaokoa. Anayeingia avae kofia ngumu na afungwe kamba, na nje abaki mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kushika kamba na kuangalia mawingu mlimani. Mvua ikianza kule juu, wote watoke, hata kama kwenu jua linawaka.

Ndani, hesabu mita mbili mbili na uandike namba ukutani kwa rangi nyekundu. Kisha gonga kwa nyundo ndogo, jiwe kwa jiwe. Ukuta mzima unajibu sauti fupi, ngumu. Ukuta wenye tupu nyuma yake unalia kama debe. Kila sauti ya debe zungushia duara. Kila ufa uchorwe kwenye daftari, na juu yake paka kiraka chembamba cha plasta chenye tarehe. Ukirudi baada ya wiki mbili na kiraka kimepasuka, ujue ufa huo bado unatembea, na plasta pekee haitausaidia.

Lakini ufa unaouona siyo lazima uwe ndio unaovujisha. Tuligawa sakafu kwa mifuko ya mchanga na udongo wa mfinyanzi kupata vidimbwi vya mita nane nane, tukavijaza kwa ndoo na kuweka alama ya rangi kwenye kimo cha maji. Vidimbwi saba vilikaa bila kushuka sana. Cha sita hatukuweza hata kukijaza. Sakafu yake, karibu mita ya 43, ilikuwa imetitia upande mmoja, na chini ya mawe mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko bila kugusa kitu. Maji yalikuwa yanaimba humo ndani. Nilikumbuka jinsi baba alivyokuwa akisema kilima hiki kina kiu.

Tuliitengeneza hivi. Kwanza tulisugua ute wote kwa brashi ya waya, kwa sababu saruji haishiki juu ya ute, na ute wenyewe hupunguza kasi ya maji. Mawe yaliyolegea tuliyatoa. Pale maji ya kilima yalipokuwa yanachuruzika, hatukujaribu kuyaziba kwa nguvu: tulichomeka kijibomba cha nusu inchi ili yatoke kwa njia yake, tukajenga kukizunguka, na kijibomba tukakiziba mwisho kabisa, saruji ikiwa imeshakomaa. Fundi anayepaka plasta juu ya maji yanayosukuma atairudia mwezi unaofuata.

Tupu iliyo chini na nyuma ya ukuta inajazwa uji wa saruji na maji kupitia vibomba vilivyochomekwa, ukianzia vya chini kwenda vya juu, ili hewa itoke juu. Tumia uzito wake tu, ndoo na mpira kutoka juu kidogo. Pampu yenye nguvu itausukuma ukuta mzee uje ndani. Kibomba cha juu kikianza kutoa uji, hapo pamejaa. Sisi tulijaza mifuko kumi na minne mahali nilipokadiria mifuko mitano.

Nyufa zilichongwa kwa tindo kwa umbo la V, kina cha sentimita tatu, zikaoshwa, zikalowanishwa, zikajazwa mota ya saruji moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mto uliooshwa. Sakafu ilimwagwa zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unene wa sentimita kumi juu ya wavu wa chuma, ikamwagiliwa siku saba. Siku saba hizo kijiji kilichota maji mtoni, na tuliwaeleza mapema kwenye mkutano, nyumba kwa nyumba pia, ili asiwepo wa kuja usiku kuondoa mbao za banio.

Kama nyundo inalia debe karibu kila mahali, usihangaike na plasta. Pitisha bomba jeusi la plastiki ndani ya handaki, lililochomelewa kwa moto kuwa kipande kimoja, ujaze mchanga au zege nyembamba pembeni, handaki libaki kuwa ganda. Hesabu kwanza kama kipenyo kinatosha maji ya masika na kiangazi.

Hata wenye fedha wanafanya hivyo hivyo, kwa ukubwa wao. Handaki la Delaware linalolisha jiji la New York lina urefu wa kilomita 137 na limevuja kwa miongo. Walipima kwa miaka mingi, wakatuma hata chombo kisicho na mtu ndani ya maji kupiga picha, na mwisho wakachimba njia ya pembeni ya kilomita nne tu, chini ya mto Hudson, kukwepa sehemu mbovu.

Hewa na matope

Haya nitayapita haraka. Kila kilele cha bomba kinanasa hewa, na hewa hiyo inafanya kazi ya kizibo. Valvu ya hewa iliyoganda ifunguliwe, isafishwe mpira wake, au ibadilishwe. Kama fedha hazipo, koki ya nusu inchi kileleni, ifunguliwe kwa mkono kila maji yanaporudishwa, inatosha. Kila bonde lina mchanga. Valvu ya kusafishia ifunguliwe wazi hadi maji yatoke meupe. Kwetu yalitoka mekundu kwa dakika arobaini, na ndani yake kokoto.

Kurudisha maji

Valvu kubwa inafunguliwa robo mzunguko, unasubiri, robo tena. Kufunga ni vivyo hivyo. Maji yanayokimbia mita moja kwa sekunde kwenye bomba la chuma, yakizuiwa ghafla, yanapiga kwa karibu bar kumi za ziada. Nimeliona bomba zima likiruka mtaroni kwa sababu kijana alizungusha valvu kama anafunga koki ya nyumbani. Kujaza kilomita 3.8 tulitumia saa tano, mtu akiwa kwenye kila kilele akitoa hewa.

Bomba jipya na tanki vinatiwa dawa kabla ya watu kunywa. Kiwango ni miligramu 50 za klorini kwa lita, zikae saa 24. Kwa klorini ya unga ya asilimia 65, hiyo ni karibu gramu 77 kwa kila lita 1,000. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, unga uingie kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya unga, na usisogeze uso. Baada ya hapo mwaga yote mbali na kijito, samaki wasife, kisha suuza hadi kipimo cha klorini kisome kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita.

Umeme, kibali, na maji ya kijito

Kwa mtambo mdogo kama wetu, zidisha lita kwa sekunde kwa mita za mwanguko, kisha kwa tano, upate wati kwa makadirio. Mwanguko wetu ni mita 35. Kabla ya ukarabati mtambo ulikuwa unapata lita kama 18.6 na kutoa takriban wati 3,200. Baada ya handaki kuzibwa unapata karibu 24.8, takriban wati 4,300, kwa mtambo uleule. Jokofu la chanjo la zahanati sasa haligombanii umeme na taa za wodi ya wazazi.

Lakini usichukue maji yote ya kijito. Kihansi walikuwepo vyura wadogo wa manjano waliokuwa wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko, hapo tu, na si pengine popote duniani. Maji yalipoelekezwa handakini manyunyu yakakauka, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba zege la handaki hilo, na jambo hili sijalisahau. Kwenye banio letu kuna tundu chini ambalo halina mlango, ili kijito kibaki na maji yake hata Septemba, na walio chini yetu wapate ya kunyweshea.

Kibali cha kutumia maji kinatolewa na bodi ya bonde, kwa huku kwetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Ombeni kabla ya kupanua banio. Mipango ya ukarabati ipitie kwa wataalamu wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, wilayani, na muwaulize kama wana vifaa vya upimaji vya kuazima. Na zile mita 60 kutoka ukingo wa chanzo ambazo sheria inazuia kulima, zipandwe miti ya asili. Mikaratusi inakunywa.

Mwisho wa kazi nilichora mstari wa rangi nyeupe kwenye ukuta wa chemba ya kutokea handaki, kwenye sentimita 21, nikaandika tarehe. Mwingine uko kwenye banio, sentimita 21 na nusu. Kijana anayelinda mtambo anasoma yote miwili kila Jumatatu asubuhi na kuandika kwenye daftari lililotundikwa ndani ya mfuko wa plastiki. Namba zikishuka pamoja, ni kiangazi. Ya handaki ikishuka peke yake, ananipigia simu siku hiyohiyo, nami nachukua nyundo.